Gari Likija, Sisi Hatupo

Wazazi wenzangu wa Malili, nanyi mtakaosoma haya mkiwa mbali, Novemba ile mvua ilikuwa imetuhurumia. Ndengu zilifunika udongo, mahindi yalisimama kiunoni, na shule zilikuwa zimefungwa wiki ya tatu. Watoto walisikika kila upande. Wengine walikuwa wakipalilia na mama zao, wengine wakifukuza mbuzi wa watu, wengine wakigombania baiskeli moja mbele ya kinu cha kusaga unga. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu nikitia vifungo.

Naitwa Muthoki, fundi wa nguo, na zaidi ya nusu ya kazi yangu ni sare za shule. Kibanda changu kiko mlango wa pili kutoka duka la Mathenge, yule anayeuza saruji, mabati na misumari. Mathenge na mkewe Wanjiro walikuja kutoka upande wa Nyeri miaka kumi na miwili iliyopita, wakajenga duka mbele na nyumba nyuma yake. Baadaye walimleta mama yake Mathenge, Wamaitha, awasaidie kulea. Sisi sote tulimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, hata sisi Wakamba. Alikuwa mtu wa sauti. Akimsalimia mtu ng'ambo ya barabara kuu, wenye malori waligeuka wakidhani wameitwa wao.

Siku hiyo Cucu alikuwa uani akichagua maharagwe, na mjukuu wake mdogo, Yvonne, wa miaka mitano, alikuwa akimwibia moja moja na kukimbia. Walicheka mpaka mimi nikacheka peke yangu kibandani.

Ndipo pikapu ya Mathenge ikaingia, na Cheryl akashuka.

Cheryl ni kifungua mimba wao, na wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakuwa amelala nyumbani kwao kwa mwaka mmoja na miezi kumi. Ngoja niwaeleze ilikuwaje, kwa sababu hata mimi nina sehemu yangu.

Miaka miwili nyuma, katika shule ya kutwa tunakosomesha hapa, tulikuwa na mkutano wa wazazi. Swali lilikuwa kama watoto wasome mwaka mzima bila likizo ndefu, au mambo yabaki yalivyo. Mathenge alisimama akasema, "Likizo ya miezi miwili ni ya nini? Duka langu halifungwi miezi miwili. Sisi tuko kazini, mtoto anabaki na nani? Na barabara ile?" Sote tulijua barabara gani. Desemba iliyotangulia mkutano huo msichana wa jirani alipewa mimba na mtu wa lori, akiwa darasa la saba. Mama mmoja wa Kalamba, Kasyoka, alimjibu kwamba Novemba ni mwezi wa palizi na mtoto asiyeijua palizi atakuja kula nini. Watu wakamcheka. Mimi nilimpigia Mathenge makofi. Nilikuwa na wanangu watatu wa kulisha, na kila likizo sare zilikuwa hazinunuliwi.

Mkutano haukuamua lolote, kwa kuwa kalenda ya shule hutoka serikalini. Lakini Mathenge alipata shule yake. Ilikuwa ya binafsi, ya bweni, juu huko milima ya Mbooni, na jina lake sitalitaja. Mwenye shule alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kwake hakuna likizo. Masomo ya likizo yamepigwa marufuku, kwa hiyo wazazi waliombwa wasipige simu ovyo wala kulizungumza jambo hilo. Mathenge alifurahi. Mimi ndiye niliyeshona sare za Cheryl, na baada yake wazazi wengine kumi na wanne wakaja kwangu kwa sare hiyo hiyo, rinda la kijani na sweta nyeusi.

Sasa alikuwa amerudi kwa sababu ya ugonjwa wa macho mekundu. Shule ilisema apelekwe nyumbani asije akaambukiza wenzake, akipona arudishwe.

"Huyo! Mtoto wangu!" Cucu alipiga kelele, maharagwe yakamwagika. "Njoo hapa nikushike!"

Cheryl alisimama kando ya mlango wa gari, miguu pamoja, mkono wa kulia juu. Hakusogea. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili na hakuyapepesa.

"Unataka nini, mama?" Wanjiro akamuuliza.

Midomo ya mtoto ilicheza. Hakuna sauti iliyotoka. Mathenge akacheka kwa fahari. "Anaomba ruhusa ya kuingia. Mnaona nidhamu? Ingia, Cheryl."

Akaingia. Muda si muda trela moja ikafunga breki barabarani, ule mlio wa upepo tunaousikia hapa mara mia kwa siku. Cheryl akaketi chini pale pale sebuleni, akainamisha kichwa, akaweka kiganja mdomoni. Macho yalibaki wazi. Trela ilipoondoka akanyanyuka, akajipangusa rinda, akaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wote walicheka, wakadhani ni mchezo wa shuleni. Lakini Malili ni njia ya Mombasa. Magari hapa hayaishi. Kesho yake mchana Cheryl alikuwa amekaa chini ya meza ya jikoni karibu saa nne nzima, na aliyekuwa bado anacheka alikuwa baba yake tu.

Yvonne alikuja kibandani kwangu akajificha nyuma ya majora ya kitambaa.

"Kwani umegombana na dada yako?" nikamuuliza.

"Huyo si Cheryl," akasema. "Cheryl huwa anaongea."

Ijumaa, Wanjiro alimleta nimpime, maana rinda lilikuwa limemfika juu ya magoti. Nimepima watoto wengi. Mtoto hucheka ukimpitishia utepe kwapani, hujikunja, huuliza kama utamtilia mfuko. Huyu alinyoosha mikono yote miwili, akashusha pumzi, halafu hakupumua tena. Nilipima kifua nikiona namba ile ile, haipandi wala haishuki, mpaka nikaogopa.

"Pumua, Cheryl. Mimi ni auntie Muthoki."

Akanisogelea sikioni. Sauti yake ilikuwa kavu, kama karatasi inayokunjwa. "Auntie, gari limeenda?"

"Gari gani?"

"Lolote."

"Hapa magari hayaishi, mama. Ni barabara kuu."

Akafikiri. "Sasa nyinyi mnasoma saa ngapi?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikamuuliza wanafanya nini gari likija huko shuleni. Alinijibu kama mtoto anayetaja jedwali la hesabu. "Wakati wa likizo, gari likija, sisi hatupo. Shule imefungwa. Tunakaa chini, mkono mdomoni, hakuna kukohoa. Likienda tunaendelea."

"Na mkiendelea mnasoma kwa sauti?"

Akatikisa kichwa. "Likizo hatuna sauti."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Siku za wageni alikuwa ananijibu kwa kichwa tu," akaniambia, uso umesawijika. "Mimi nilidhani ni haya. Msichana anakua."

Jioni hiyo Wanjiro alimkabili mumewe dukani. Nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kununua pini. Mathenge alisema wanawake wana woga mwingi, mtoto ni namba moja darasani, na Jumatatu anarudi. Cucu akatoka nyuma na mwiko mkononi.

"Mathenge, huyu mtoto umemleta nusu. Nusu nyingine iko wapi?"

"Mama, hayo ni masomo. Wewe hujui masomo ya siku hizi."

"Masomo siyajui. Huyu namjua."

Ndugu zangu, natamani ningewaambia kwamba mimi niliongeza neno. Nililipa pini zangu nikaenda. Nilikuwa na rinda jipya la kushona, na Jumatatu lilikuwa karibu.

Jumamosi asubuhi Wanjiro alikwenda kufagia kanisa, ilikuwa zamu yake. Mathenge alikuwa mbele ya duka akipokea saruji. Cucu na Cheryl walikuwa jikoni, nyuma. Yvonne alikuwa kwangu akiokota vipande vya kitambaa, kwa sababu alikuwa hataki kukaa na dada yake. Lori la saruji lilifika saa tatu, na dereva hakuzima injini. Alituambia betri yake ni mbovu, akizima haliwaki tena. Hivyo lori likanguruma pale, sentimita chache kutoka ukutani, vijana wakishusha mifuko, vumbi jeupe likipanda, mpaka saa tano.

Saa tano nilimaliza rinda, nikamshika Yvonne mkono tukalipeleka. Tukapitia uani. Harufu ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyoungua ilitupokea mlangoni. Jikoni palikuwa na moshi, na sufuria ilikuwa nyekundu chini.

Cucu alikuwa sakafuni, kando ya meza, amelalia upande. Mdomo ulikuwa umevutika. Chini ya kichwa chake mtu alikuwa amemwekea sweta nyeusi iliyokunjwa vizuri. Chini ya meza alikuwa Cheryl. Mkono mmoja ulikuwa umeziba mdomo wake mwenyewe. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mkono wa nyanya yake. Alinitazama, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na hakutoa hata pumzi.

Nilipiga ukemi ambao sikujua ninao. Naye Cheryl akautoa mkono mdomoni, akaweka kidole kwenye midomo, akanifanyia, "Shhh."

Watu walikuja, na dereva yule yule wa saruji ndiye aliyetoa mwenzake wa kutusaidia kumbeba Cucu hadi kwenye pikapu. Hospitalini walisema mshipa wa kichwa umepasuka. Daktari hakusema kwamba zile saa mbili ndizo zilizomuua. Alisema tu kwamba zingesaidia. Cucu Wamaitha alifariki Jumatatu, siku ambayo Cheryl alikuwa arudi shule.

Mathenge alimkalisha binti yake sebuleni, sisi majirani tukiwa tumejaa mle ndani. Hakumfokea. Alimuuliza kama mtu anayeomba.

"Kwa nini hukuniita? Nilikuwa hapo nje. Hatua ishirini, Cheryl. Hatua ishirini."

"Gari lilikuwa halijaenda, Baba."

"Lakini Cucu alikuwa ameanguka."

"Hata mtu akianguka," mtoto akanong'ona. "Kavata alianguka, akatoa povu. Hatukuita. Walisema tulifanya vizuri."

"Huyo Kavata yuko wapi sasa?"

"Hatukumwona tena."

Nje basi lilipita kuelekea Mombasa, na mbele ya macho yetu Cheryl akateleza kutoka kitini hadi sakafuni, taratibu, mkono mdomoni. Mathenge akashuka akaketi chini karibu naye.

Tulimzika Cucu kwao, Nyeri. Tuliporudi, Mathenge alikuja kibandani kwangu. Wanjiro hakuweza kumwacha mtoto, na mlinzi wa ile shule alikuwa ananifahamu kwa sababu ya kupeleka sare. Akaniomba twende wote. Njiani aliniambia jambo moja tu: "Nilijua wanasoma kwa siri. Sikuwahi kuuliza hiyo siri inatunzwa vipi."

Huko juu Mbooni kulikuwa na ukungu na baridi. Mlinzi, Mutunga, alifungua kidirisha cha geti.

"Shule imefungwa, fundi. Hakuna mtu mpaka Januari."

"Nimeleta sare za Januari," nikasema, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo uongo wangu sijautubu. Akatufungulia.

Tuliingiza pikapu hadi katikati ya uwanja. Kamba za nguo zilikuwa tupu. Bendera haikuwa juu. Hapakuwa na mpira, hapakuwa na kandambili iliyosahauliwa mlangoni, hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mathenge alizima gari, tukasikiliza. Nilikuwa karibu kuamini kwamba kweli hakuna mtu. Lakini palikuwa na harufu ya maharagwe ya watu wengi, na madirisha ya jumba la kulia yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi nyeusi za nailoni, kwa ndani.

Mathenge alisukuma mlango.

Walikuwa sabini na kitu. Walikuwa wameketi sakafuni kwa mistari, wakubwa nyuma, wadogo mbele, madaftari magotini. Kila mmoja alikuwa na mkono mdomoni. Macho yote yalikuwa kwetu, na hakuna lililopepesa. Kwa mwanga wa mlango niliona mishono yangu. Marinda yangu, kola zangu, vifungo nilivyovitia mwenyewe nikiimba.

Mwalimu wa kike aliyekuwa mbele alipotuona, alitoka kwa mlango wa nyuma, na hatukumwona tena siku hiyo.

"Msiogope," Mathenge akasema. "Mimi ni Baba Cheryl. Mimi si mkaguzi. Semeni."

Hakuna aliyesogea. Alirudia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, hata kwa Kikamba chake kilichovunjika. Ilikuwa kama kuzungumza na picha. Kisha nikamwona akiacha kusema. Akageuka kutazama pikapu yake uwanjani, na akaelewa kabla yangu.

"Kaa nao," akaniambia.

Akatoka, akawasha gari, akaliendesha nje ya geti, akateremka nalo mlima. Nilibaki peke yangu na macho yale. Nilisikia injini ikipungua, ikipinda kona ya kwanza, kona ya pili, ikafifia kwenye ukungu mpaka haikusikika. Hapo mikono sabini ikashuka kwa pamoja. Vichwa vikainama. Wakashika kalamu wakaanza kuandika, kana kwamba mimi nilikuwa kiti.

Mathenge alirudi kwa miguu, suruali imejaa tope mpaka magotini, akihema. Akasimama mlangoni.

"Gari limeenda," akasema. "Nimeliacha chini kabisa. Semeni sasa, watoto wangu. Semeni chochote."

Halafu mbele kabisa, msichana mdogo, hajafika hata miaka tisa, akainua mkono. Mathenge akamwonyesha aseme.

"Naomba ruhusa ya kukohoa," akanong'ona.

"Kohoa, mama. Kohoa."

Akakohoa. Akafuata wa pembeni yake, kisha mstari wake, kisha jumba lote. Wazazi wenzangu, watoto wale walikuwa na kifua cha baridi ya milima, na walikuwa wamekizuia tangu shule zifungwe. Walikohoa mpaka wengine wakashika matumbo, mpaka wengine wakatapika, na hakuna aliyelia wala kuita mama. Walikohoa tu. Mathenge aliegemea ukuta akafunika uso kwa kofia yake.

Tulimpigia chifu simu, chifu akawaita watu wa elimu, na kufikia jioni geti lilikuwa wazi. Yule mtoto Kavata alipatikana akiwa hai, kwao Kalamba, ana kifafa, mama yake alikuwa ameambiwa kwamba mtoto amefukuzwa kwa utukutu. Shule ilifungwa na mwenyewe yuko kortini. Lakini msidhani kila mzazi alitushukuru. Mmoja alimpigia Mathenge simu kwa hasira: "Sasa umefunga, na mimi niko kazini. Mtoto wangu nitampeleka wapi mpaka Januari?" Lilikuwa swali la Mathenge mwenyewe la miaka miwili nyuma.

Cheryl sasa anasoma shule ya kutwa hapa hapa. Muhula wa kwanza hakujibu jina lake hata siku moja, na mwalimu, Mungu ambariki, hakumlazimisha. Alikuwa akimwekea alama ya kuwepo kwa kumtazama machoni. Likizo ya Aprili, Mathenge alianza kufunga duka saa nane mchana. Alikwenda na binti zake kwa Kasyoka, Kalamba, wakavuna mbaazi vibaya sana, wakachekwa. Huko shambani, mbali na barabara, Yvonne alimrushia dada yake funza mgongoni, na Cheryl akapiga kelele, akamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Wanjiro aliketi kwenye mtaro akalia. Hakuna aliyemkemea mtoto.

Hajapona kabisa. Lori likisimama karibu na injini ikinguruma, bado huacha anachofanya na kungoja. Baba yake hutoka mbio kumwambia dereva azime.

Funzo

Likizo iwe ndefu au iwe fupi, wenye kalenda watapanga. Mimi mawazo yangu yamebadilika. Naona watoto wanahitaji siku nyingi za kuwa watu wa nyumbani, na hakuna shule, hata nzuri, inayoweza kuwapa. Lakini sitamdanganya mtu kwamba likizo peke yake inatosha. Mathenge hakuwa mbaya. Aliogopa barabara, na barabara ile ni ya kuogopwa. Kosa lake, na langu, na lenu mliopiga makofi siku ile, ni kwamba tulitafuta mtu wa kutuondolea mtoto badala ya kukaa pamoja na kuulizana nani atashinda naye lini. Majirani kumi wenye siku moja moja wangetosha.

Ukiambiwa kitu kuhusu mtoto wako ni siri, uliza inatunzwa vipi. Ukiona mtoto amekuwa kimya ghafla, usikimbilie kusema ni adabu. Adabu husalimia. Na mtoto akipiga kelele ndani ya nyumba yako likizo hii, kabla hujamwambia anyamaze, sikiliza kwanza anasema nini.